Akiba na Homoni: Kipimo cha Vitamini D Kinapima Nini Hasa?

Mtu anayepimwa vitamini D, awe Nairobi, Dar es Salaam, Muscat au London, hupewa namba moja. Namba hiyo ikiwa 18, yaani nanogramu 18 katika kila mililita ya damu, karatasi ya majibu mara nyingi huwa na mshale unaoelekea chini, na safari inayofuata ni ya duka la dawa. Ni wachache wanaoelezwa kwamba kilichopimwa ni akiba tu, kwamba homoni inayofanya kazi mwilini hutengenezwa kutokana na akiba hiyo, na kwamba kati ya akiba na homoni kuna mlango ambao mwili wenyewe huufungua na kuufunga kulingana na mahitaji ya saa ile. Mabishano ya wataalamu kuhusu nani ana upungufu na nani hana yamekuwa yakiuzunguka mlango huo kwa miaka mingi. Wapo wanaosema akiba ikishuka ni maradhi yanayonyemelea na dawa yake ni kuijaza, na wapo wanaosema mwili una njia za kujirekebisha na namba peke yake haitoshi kumfanya mtu aitwe mgonjwa. Naona kila kundi limeshika kipande cha kweli, lakini vipande hivyo haviwezi kupimwa uzito bila kwanza kuifuata vitamini hii kutoka ngozini hadi kwenye figo.

Safari huanza ngozini. Humo mna aina ya kolesteroli ambayo, ikipigwa na mionzi ya urujuanimno ya jua yenye mawimbi ya kati ya nanomita 290 na 315, hufunguka pete yake moja na kuwa kitangulizi cha vitamini. Joto la mwili hukamilisha kazi kwa kukigeuza kitangulizi hicho polepole kuwa vitamini D3. Udhibiti wa kwanza uko hapa, nao unashangaza kwa wepesi wake: jua lilelile linalotengeneza kitangulizi, likizidi, hukigeuza kuwa vitu vingine visivyo na kazi ya vitamini. Mwaka 1967 mtafiti W. F. Loomis alidai katika jarida la Science kwamba weusi wa ngozi za watu wa tropiki uliwakinga dhidi ya sumu ya vitamini D inayotokana na jua kali. Dai hilo lilitikiswa mwaka 1981, Michael Holick na wenzake walipoonyesha kwamba ngozi ya rangi yoyote hufika kikomo na kuacha kuongeza. Melanini, rangi inayoifanya ngozi kuwa nyeusi, hupunguza kasi, basi. Ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi juani kupata kiasi kilekile, lakini mvuvi wa Lamu anayeshinda baharini mwaka mzima hatapata sumu ya vitamini D kwa sababu ya jua. Sumu hiyo hutoka kwenye chupa na sindano.

Kutoka ngozini, au kutoka utumboni ikiwa imeliwa katika samaki wenye mafuta, mayai au vidonge, vitamini husafiri damuni ikiwa imebebwa na protini yake maalumu hadi kwenye ini. Huko hufanyiwa badiliko dogo la kikemia na kuwa kalsidioli. Ini halina ukali mwingi: likipokea nyingi hutengeneza nyingi, likipokea kidogo hutengeneza kidogo. Kwa sababu hiyo kalsidioli inafaa kupimia akiba, maana huonyesha jua na chakula cha wiki zilizopita, na huchukua takriban wiki mbili hadi tatu kabla ya nusu yake kuondoka damuni. Ile 18 ya kwenye karatasi ni ya kalsidioli.

Lakini kalsidioli bado imelala. Mwaka 1970 David Fraser na Egon Kodicek, wakifanya kazi Cambridge nchini Uingereza, walionyesha kwamba panya walioondolewa figo walishindwa kutengeneza umbo la vitamini D lenye nguvu, na kwamba kiwanda chake kiko katika figo. Mwaka uliofuata maabara za Cambridge, Wisconsin na California ziliutambua muundo wa kitu hicho, ambacho leo tunakiita kalsitrioli. Ugunduzi huo ulibadilisha hadhi ya vitamini yenyewe. Kitu kinachotengenezwa na kiungo kimoja, kikaachiliwa damuni, kikaenda kuamuru viungo vingine, kinastahili kuitwa homoni, na kwa muundo wake ni ndugu wa homoni za steroidi kama kortisoli. Kiasi chake ni kidogo mno: kalsidioli hupimwa kwa nanogramu, ilhali kalsitrioli hupimwa kwa pikogramu, pungufu kwa karibu mara elfu moja, na nusu yake hutoweka ndani ya saa chache tu. Homoni ya namna hii haiachwi ijiendee. Ikizidi, kalsiamu hupanda damuni, mtu hutapika, huona kiu isiyokatika, hupata mawe ya figo na hata kuchanganyikiwa. Ikipungua sana, mifupa hulainika.

Figo ni bawabu wa mlango huo, na bawabu huyu hupokea amri kutoka pande kadhaa. Kalsiamu ya damu ikishuka hata kidogo, tezi nne za parathiroidi zilizo shingoni, ndogo mfano wa punje za mchele, humwaga homoni yao, nayo huiamuru figo iongeze kimeng'enya cha kuwasha, kinachojulikana kwa alama ya CYP27B1. Kalsitrioli huongezeka, huingia katika seli za utumbo mwembamba, hushika vipokezi vilivyo ndani ya viini vyake, na seli hizo huanza kutengeneza njia na vibebeo vya kuvutia kalsiamu kutoka kwenye chakula. Bila kalsitrioli, utumbo hunyonya takriban asilimia 10 hadi 15 ya kalsiamu iliyoliwa. Ikiwapo ya kutosha, hufika asilimia 30 hadi 40. Kalsiamu ikirudi mahali pake, tezi hupunguza sauti. Amri nyingine hutoka kwenye mfupa, ambao kwa miaka mingi ulidhaniwa kuwa nguzo tu ya mwili: seli zilizozikwa ndani yake hutoa homoni iitwayo FGF23 fosfeti inapozidi, nayo hupunguza kimeng'enya cha kuwasha na kuongeza kile cha kuzima, CYP24A1. Tena kalsitrioli yenyewe hukiamsha hicho cha kuzima, kwa hiyo homoni hii hubeba ndani yake agizo la kuvunjwa kwake.

Ukishautazama mpango huu, hoja ya wanaoonya dhidi ya pupa ya vipimo na dozi inaeleweka. Mtu mwenye akiba ya 18 anaweza kuwa na kalsitrioli ya kawaida kabisa, hata ya juu, kwa sababu figo hukamua zaidi kutoka kwenye akiba ndogo. Ripoti ya Taasisi ya Tiba ya Marekani ya mwaka 2010 ilikadiria kwamba nanogramu 20 kwa mililita hutosheleza mahitaji ya mifupa ya takriban asilimia 97.5 ya watu, na kwamba wastani wa mahitaji uko karibu na 16. Hesabu hiyo husomwa vibaya kila siku. Watu huichukua 20 kama sakafu ambayo kila aliye chini yake ni mgonjwa, ilhali kwa maana ya ripoti yenyewe, mtu mwenye 18 yuko juu ya wastani wa mahitaji na yumkini hana tatizo lolote. Kwa kusogeza mstari kidogo tu juu ya karatasi, mamilioni ya watu wazima wenye afya wamegeuzwa wagonjwa.

Majaribio makubwa yameupa nguvu upande huu. Jaribio la VITAL la Marekani liliwahusisha watu 25,871, wanaume wa miaka 50 na zaidi na wanawake wa miaka 55 na zaidi, ambao baadhi yao walimeza yuniti 2,000 za kimataifa za vitamini D3 kila siku kwa miaka kama mitano na wengine wakameza kidonge kisicho na dawa. Matokeo ya 2018 yalionyesha kwamba vitamini haikupunguza idadi ya waliopata saratani wala mashambulizi makubwa ya moyo na mishipa. Ya 2022 yakaonyesha kwamba haikupunguza hata kuvunjika mifupa, mahali ambapo wengi waliamini pana uhakika.

Hata hivyo, wanaotetea kujaza akiba wana majibu, na mawili kati yake ni mazito. La kwanza ni kwamba washiriki wa VITAL waliopimwa mwanzoni walikuwa na wastani wa karibu nanogramu 31. Kumwaga maji katika mtungi uliokwisha jaa hakuwezi kuonyesha kama maji yana faida kwa mwenye kiu. Jibu la pili, ambalo mimi naliona kuwa la maana zaidi, ni kwamba kujirekebisha kwa mwili kuna gharama. Kalsitrioli ya mtu mwenye akiba ndogo hubaki juu kwa sababu homoni ya parathiroidi imepanda, na homoni hiyo haiagizi figo peke yake. Huchota kalsiamu kutoka mfupani pia. Mwili hulinda kalsiamu ya damu kwa wivu, maana moyo na mishipa ya fahamu haviwezi kungoja, na mfupa ndio benki inayotozwa. Kwa miezi michache deni hilo si kitu, lakini kwa miaka kumi ya mwanamke aliyekoma hedhi ni mfupa unaoweza kuvunjika akiteleza bafuni. Anayesema mwili unajirekebisha bila kusema unajirekebisha kwa mali ya nani anasimulia nusu ya habari.

Upande huu pia hupenda kutaja Tanzania. Mwaka 2012 Martine Luxwolda na wenzake walichapisha vipimo vya Wamasai na Wahadzabe 60 wanaoishi maisha ya asili yenye jua la kutosha: wastani wao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, sawa na nanogramu 46 hivi kwa mililita, mara mbili na zaidi ya ile 20 inayobishaniwa. Hoja ni kwamba hicho ndicho kiwango ambacho miili ya binadamu ilikizoea tangu zamani. Nakubali kwamba ni kumbukumbu yenye thamani, na inapendeza kuona watu wetu wakiwa kipimo badala ya kupimwa tu kwa vipimo vya wengine. Lakini kiwango ambacho jua la huko huleta na kiwango ambacho afya hudai ni mambo mawili. Wahadzabe hutembea kutwa wakiwinda na kuchimba mizizi. Wamasai wamelelewa kwa maziwa. Mifupa yao imejengwa na mengi, na namba ya damuni ni alama mojawapo tu ya maisha hayo.

Kuna jambo la tatu, nalo ndilo lililowasha matumaini makubwa kuliko yote. Kimeng'enya cha kuwasha hakikai katika figo peke yake. Mwaka 1981 madaktari wa Marekani walieleza habari za mgonjwa wa sarkoidosisi, ugonjwa ambao seli za kinga hujikusanya na kuunda vinundu mwilini, asiye na figo ambaye hata hivyo alikuwa na kalsitrioli nyingi damuni. Ikawa dhahiri kwamba kitu kingine mwilini kilikuwa kikiitengeneza. Kitu hicho ni makrofaji, seli za kinga zinazomeza vijidudu. Mwaka 2006 utafiti uliotoka Los Angeles ulionyesha kwamba makrofaji ya binadamu yakitambua kijidudu cha kifua kikuu huongeza kimeng'enya cha kuwasha pamoja na kipokezi, hugeuza kalsidioli kuwa kalsitrioli palepale, na kutengeneza protini inayoshambulia kijidudu hicho. Damu ya watu weusi iliyokuwa na akiba ndogo ilifanya kazi hiyo kwa unyonge, na ilipoongezewa kalsidioli ikafanya vizuri. Hapa hoja ya bawabu inageuka. Makrofaji hayangoji figo. Hutegemea akiba yenyewe. Kama ni hivyo, kipimo cha akiba ndicho cha maana, na mtu anaweza kuwa na kalsiamu safi na mifupa imara huku kinga yake ikikosa malighafi. Hata historia ilionekana kuitikia: Niels Finsen wa Denmark alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1903 kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga, na wagonjwa wa mapafu walianikwa juani katika hospitali za milimani kabla dawa hazijapatikana.

Ingekuwa habari njema kwetu sisi ambao kifua kikuu bado kinatuzika. Ndiyo sababu nasikitika kuandika kilichotokea hoja hiyo ilipojaribiwa kwa watu. Dar es Salaam, watu wazima 4,000 walioanza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, wote wakiwa na akiba chini ya nanogramu 30, waligawanywa kwa kura. Nusu yao walipewa vitamini D3 kwa dozi kubwa ya mwezi wa kwanza na yuniti 2,000 kila siku baadaye. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020: vifo havikupungua, wala tofauti ya kifua kikuu haikuwa ya kutegemewa. Mwaka huohuo yakatoka matokeo ya Ulaanbaatar, Mongolia, ambako watoto 8,851 walifuatiliwa kwa miaka mitatu. Hawa hawakuwa mitungi iliyojaa. Zaidi ya 9 kati ya kila 10 walikuwa chini ya nanogramu 20. Akiba ya waliopewa vitamini ilipanda hadi karibu 31 huku ya wenzao ikibaki karibu 11, na bado maambukizi ya kifua kikuu yalikuwa takriban sawa kwa makundi yote mawili. Ripoti ya baadaye ya watoto haohao haikuona tofauti hata katika kuvunjika kwa mifupa. Utetezi wa kwamba majaribio hupima watu walioshiba tayari haufanyi kazi hapa. Kinachoonekana katika sahani ya maabara ni kweli kwa sahani hiyo. Mwilini zimo njia nyingine nyingi, na kijidudu nacho si mgeni asiye na hila.

Makrofaji hayo yana upande wa hatari ambao hautajwi sana. Bawabu wa figo husikiliza homoni ya parathiroidi na FGF23, makrofaji hayasikilizi. Yakiwa mengi, kama yanavyokusanyika katika mapafu ya mgonjwa wa kifua kikuu au sarkoidosisi, huweza kuendelea kuwasha kalsitrioli hata kalsiamu ikiwa imekwisha panda. Mgonjwa wa namna hiyo akianza kumeza dozi kubwa za vitamini D kwa ushauri wa jirani, anaongeza kuni katika moto usio na mlinzi.

Lililo muhimu zaidi kwa Afrika, kwa maoni yangu, limeachwa nje ya mabishano mengi, nalo ni kalsiamu yenyewe. Mwaka 1999 Tom Thacher na wenzake walichapisha jaribio lililofanywa Jos, Nigeria, kwa watoto 123 wenye matege ya ugonjwa wa mifupa laini. Chakula chao kilikuwa na kalsiamu kama miligramu 200 tu kwa siku. Kundi moja lilipewa kalsiamu, jingine vitamini D kwa sindano, la tatu vyote viwili. Baada ya wiki 24, kipimo cha kupona kilichowekwa kilifikiwa na asilimia 61 ya waliopewa kalsiamu, asilimia 58 ya waliopewa vyote, na asilimia 19 tu ya waliopewa vitamini D peke yake. Watoto hao hawakukosa jua. Kalsitrioli yao kwa kawaida ilikuwa juu, mlango umefunguliwa hadi mwisho, lakini utumbo haukuwa na kalsiamu ya kunyonya.

Ipo na sababu ya ndani zaidi. Mwaka 1987 M. R. Clements, akishirikiana na Fraser yuleyule, alionyesha kwamba panya walionyimwa kalsiamu humaliza akiba yao ya kalsidioli kwa kasi zaidi, kwa sababu kalsitrioli inayopanda huharakisha kuvunjwa kwa akiba hiyo. Kwa hiyo namba ndogo ya vitamini D inaweza kuwa matokeo ya chakula kisicho na kalsiamu. Mtu anayekula ugali wa dona asubuhi na jioni, ambao fitati zake, kemikali za asili za nafaka, huikamata kalsiamu, bila maziwa wala dagaa wa kuliwa na mifupa yake, anaweza kupimwa akaonekana ana upungufu wa vitamini D, akanunua vidonge vya bei kubwa, na chanzo kikabaki palepale jikoni. Fungu la dagaa wa Mwanza au Kigoma lingemfaa zaidi. Nasema hivi kwa sababu nimechoka kuona kila namba ndogo ikijibiwa kwa chupa.

Lipo pia suala la kama kipimo chenyewe kinawatendea haki watu weusi. Wamarekani weusi huwa na kalsidioli ndogo kuliko weupe, lakini mifupa yao kwa wastani ni mizito zaidi na huvunjika mara chache zaidi. Utafiti wa Camille Powe na wenzake wa mwaka 2013 ulitoa maelezo ya kuvutia: weusi wana protini mbebaji kidogo, kwa hiyo vitamini iliyo huru kutumika inalingana na ya weupe. Maelezo hayo yalisambaa haraka, kisha yakapata pigo, kwa sababu kingamwili ya maabara iliyotumika kuipima protini hiyo ilishindwa kuitambua vizuri aina inayopatikana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika. Maelezo yalianguka, lakini kitendawili cha mifupa kilibaki. Hicho peke yake kinatosha kutufanya tusiwe wepesi wa kutumia mistari iliyochorwa kwa kutazama zaidi miili ya watu weupe.

Kuhusu dozi kubwa, nafasi ya kubishana imepungua. Nchini Australia wanawake wazee 2,256 walishiriki jaribio ambalo nusu yao walipewa yuniti 500,000 mara moja kwa mwaka. Matokeo ya 2010 yalikuwa kinyume cha matarajio, kwani waliopewa vitamini walianguka kwa asilimia 15 zaidi na kuvunjika mifupa kwa asilimia 26 zaidi. Maelezo mojawapo yanayotolewa ni kwamba gharika ya namna hiyo huamsha kimeng'enya cha kuzima na FGF23 kwa nguvu kiasi cha kuvuruga mpango wenyewe. Uingereza ilikuwa imekwisha pata funzo lake katika miaka ya 1950, vyakula vya watoto vilipotiwa vitamini D nyingi na baadhi ya watoto wachanga wakaugua kwa kalsiamu kupanda. Ilichukua hadi 2011 kufahamika kwamba wapo watoto wanaozaliwa na kasoro katika CYP24A1. Hawa hawana cha kuzimia, na dozi ambayo ni salama kwa mwingine kwao ni sumu.

Jumuiya ya Endokrini ya Marekani, ambayo mwongozo wake wa 2011 uliinua mstari hadi nanogramu 30 na kuchochea wimbi la vipimo, iliachana na mstari huo katika mwongozo wake wa 2024 na kushauri watu wenye afya wasipimwe kiholela, huku ikipendekeza vitamini ya ziada bila kupima kwa watoto, wajawazito, wazee wa zaidi ya miaka 75 na watu walio katika hatari kubwa ya kupata kisukari. Naona huo ni mwelekeo sahihi, kwa sababu unawatazama watu badala ya kuitazama namba. Uingereza tangu 2016 inashauri kila mtu apate mikrogramu 10, sawa na yuniti 400, kila siku wakati wa majira ya vuli na baridi, na watu wenye asili ya Afrika au wanaofunika mwili wapate kiasi hicho mwaka mzima. Mswahili aliyehamia Leicester au Toronto asiutafsiri ukimya wa bawabu kuwa usalama. Kwa miezi kadhaa jua la huko halina mionzi ya kutosha kuanzisha hatua ya kwanza, na hakuna kimeng'enya kinachoweza kuwasha kisichokuwapo. Ndivyo ilivyo pia kwa mwanamke wa Muscat anayekimbilia kivuli na kiyoyozi kutokana na joto, na kwa mzee wa Unguja asiyetoka ndani.

Kwa wagonjwa wa figo mabishano yote haya huchukua sura nyingine. Figo ikianza kuchoka, FGF23 hupanda mapema, kimeng'enya cha kuwasha hupungua, kalsitrioli hushuka, na tezi za parathiroidi hufanya kazi bila kupumzika hadi mifupa inaliwa. Kumpa mgonjwa huyo vitamini D3 ya kawaida ni kujaza ghala ambalo mlango wake umekwama. Hivyo daktari akiona inafaa humwandikia kalsitrioli yenyewe, au alfakalsidoli, ambayo imekwisha fanyiwa kazi ya figo na hungoja ini tu. Dawa hizi zina nguvu ambayo haipiti kwa bawabu. Katika duka la dawa zinaweza kukaa rafu moja na vitamini D3, zote zikiitwa kwa jina moja la vitamini D, na mwenye figo nzima akizinunua kwa kudhani ni kirutubisho cha kawaida anakuwa ameuruka ulinzi wote ambao mwili wake umejiwekea.

Ambaye mimi ningeanza naye ni mtoto mchanga. Huzaliwa na akiba ya kalsidioli aliyoipata kwa mama yake kupitia kondo la nyuma, na maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, huwa na vitamini D kidogo. Katika pwani yetu mama na mwana hukaa ndani hadi arobaini itimie. Ikiwa nusu ya akiba huondoka kila wiki mbili hadi tatu, basi siku ya kumtoa mtoto nje imebaki takriban robo au hata pungufu ya kile alichozaliwa nacho, na kama mama mwenyewe alikuwa na kidogo, robo hiyo ni ya kidogo. Figo zake ziko tayari, tezi zake zinatoa amri, mifupa yake inakua kwa kasi ambayo haitarudi tena maishani. Matone ya yuniti 400 kwa siku, ambayo madaktari wa watoto wa Marekani wameyapendekeza tangu 2008 kwa wanaonyonya, hayahitaji kipimo cha damu wala mabishano ya nanogramu.